Chumvi ya MaNgcobo

Dada zangu mnaoshika visu sasa pale chini ya daraja, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie siri za kazi. Niliwajibu kwamba siri hakuna: kuna kichwa cha ng'ombe, maji, moto na chumvi. Mkacheka, mkaangaliana, mkadhani mama huyu mchoyo. Basi nimekaa hapa Isipingo kwa binti yangu Sifa, miguu juu ya kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Durban nina asubuhi isiyonuka moshi. Naandika.

Sitaandika nililipwa nini, maana mnajua, na kujua kwenyewe kunachosha. Wala sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu kwenye kazi yetu mtu hapandi. Anasogezwa tu karibu na moto. Nitaandika habari za MaNgcobo, mwenye jiko lile kabla yangu. Wengi wenu hamkumkuta. Kwa miaka miwili alipika akiwa hawezi kuonja wala kunusa chochote, na mimi ndiye niliyekuwa namwonjea kwa siri. Kama siri ile ingevuja, angepoteza wateja aliowalisha karibu miaka arobaini, na pamoja nao jina lake la mpishi, ambalo alilipenda kuliko nyumba yake. Hiyo ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizopata kazini. Lakini mambo hayakuanzia hapo.

Yalianza siku niliyokwenda sokoni kununua mahindi ya kuchemsha. Nilikuwa na miezi mitatu Durban, nimetoka Uvira, Kongo, na mtoto mgongoni, nasuka nywele kwenye saluni ya mwanamke wa Bukavu ambaye kila jioni aliniambia mkono wangu ni mzito. Alisema kweli. Wateja walitoka kwangu macho yamevutwa kuelekea masikioni. Siku hiyo nikapita kati ya stendi ya teksi na soko la mboga, nikawaona wanawake wamejipanga mstari, kila mmoja na moto wake, na juu ya kila moto sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Mmoja wao, ndiye MaNgcobo, mnene, mfupi, kitambaa chekundu kichwani, alikuwa anahangaika kupasua kichwa cha ng'ombe kwa shoka, na kichwa kinateleza kwenye gogo. Akaniona nimesimama. Hakuniuliza jina wala ninatoka wapi. Alisema, "Bamba!"

Kizulu sikukijua, lakini neno lilikuwa karibu na la kwetu, na hali yenyewe ilijieleza. Nikakishika kichwa kwa masikio yote mawili. Akashusha shoka. Nikapata ubongo kwenye sketi yangu ya pekee, na kazi ya miaka ishirini na miwili.

Niseme mapema kwamba maneno ya MaNgcobo na ya madereva nayaandika kwa Kiswahili, ingawa waliyasema kwa Kizulu. Mwanzoni nilikuwa naelewa nusu, na nusu ya pili nilikuwa naitunga mwenyewe. Mara nyingi niliyoitunga ilikuwa ya adabu zaidi.

Mwaka wa kwanza sikuruhusiwa kugusa sufuria. Nilisafisha vichwa. Vilikuja asubuhi kwenye pikapu, vijana wa kuchuna wakavitoa ngozi kwa visu vyao vifupi, kisha vikawa vyangu: maji ya kwanza ya damu, ya pili ya mchanga, ya tatu ya kujihakikishia. MaNgcobo alikuwa anaingiza kidole nyuma ya taya kama daktari wa meno. Akikuta jani moja la nyasi ambalo ng'ombe hakulimaliza, unaanza upya kichwa kizima. Nililia mara mbili. Mara ya tatu nikaanza kuingiza kidole changu kabla ya chake.

Kuni zilikuwa mbao za pallet kutoka bandarini. Dereva mmoja wa lori alikuwa anatuletea zilizovunjika, tukamlipa kwa nyama. Hapa sikilizeni vizuri, maana naona siku hizi mnachoma chochote. Ubao wenye rangi usiuchome. Ubao usio na rangi uunuse kwanza, kwa sababu hujui ulibeba nini kwenye meli. MaNgcobo alinusa kila ubao, akautupa mmoja kati ya minne, na ule alioutupa hata jirani hakuruhusiwa kuuokota. Kisu chake kilikuwa kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki na upana wa kidole changu cha shahada. Ijumaa moja nilimshauri anunue kingine. Hakunisemesha mpaka Jumatano.

Mapishi yenyewe mnayajua. Saa nne za moto, bila kitunguu, bila bizari, bila kiungo chochote. Mtaani kwetu kila kitu kina viungo: nanasi linapakwa masala na pilipili mpaka unatokwa na machozi, mkate mzima unatobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage, na yule mama Mhindi wa Chatsworth tuliyenunua pilipili kwake angeweza kuweka bizari hata kwenye chai. Kichwa hakina hayo. Kina chumvi tu, na inaingia mara tatu: maji yanapochemka mara ya kwanza, ukishatoa povu, na mwisho taya likianza kuachia. Hakuna kipimo. Kichwa cha fahali mzee kinakunywa chumvi na cha ndama hakinywi, na chumvi yenyewe ya mawe siku nyingine ni kali na siku nyingine imelala. Unaonja. Ndiyo maana wapishi wote kumi na watatu wa mstari ule walikuwa na maji yaleyale na nyama ileile, na watu walipanga foleni kwa MaNgcobo.

Na namna ya kula ilikuwa na sheria zake. Mteja ananawa kwenye beseni, anasimama, anakatiwa nyama juu ya ubao na kuwekewa mkate wa mvuke pembeni. Wakila watatu ubao mmoja, kila mtu anakula upande wake, na kipande cha mwisho hakiguswi mpaka aliyenunua aseme. Uma hakuna. Pilipili ipo. Chumvi kwenye ubao, kwa MaNgcobo, haikuwekwa kamwe. Majirani waliweka kibakuli. Yeye alisema mpishi anayeweka chumvi mezani anakiri mbele za watu kwamba kazi yake hakuimaliza.

Niliachiwa sufuria kwa mara ya kwanza mwaka wa pili, na nikaharibu. MaNgcobo alikwenda kwao mazishini, siku mbili. Asubuhi ile mchunaji hakuja. Mimi nikawaza: kwani tatizo liko wapi? Kwetu kichwa cha mbuzi hakichunwi, kinababuliwa. Unaunguza manyoya motoni, unakwangua, unapika na ngozi yake, na ngozi ndiyo utamu wenyewe. Nikakisukuma kichwa kizima cha ng'ombe kwenye moto. Sasa ng'ombe si mbuzi. Manyoya yale yalitoa moshi wa manjano uliopita chini ya daraja, ukaingia kwenye teksi, ukaingia sokoni, na askari wa barabarani akaja mbio akidhani tumechoma matairi. MaKhumalo, jirani yetu wa kushoto aliyeuza maziwa mgando na maji ya chupa, alifunika ndoo zake kwa sketi aliyokuwa amevaa. Wateja wa MaNgcobo wakaangalia ile nyama yenye ngozi, wakanishukuru kwa heshima zote, wakahamia kwa jirani wa kulia.

Saa tano nilikuwa nimekaa juu ya ndoo najiandaa kurudi saluni. Mara nikasikia Kiswahili.

"Nani huyu anababula hapa? Eh! Mama, iko ngozi?"

Alikuwa mwanaume mrefu wa kutengeneza simu, duka lake nyuma ya robot ya pili, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku. Papa Dédé, mnamjua. Nikamwambia ngozi iko.

"Na mi nilikuwa natengeneza écran ya mutu, nikasikia harufu, nikaacha simu wazi. Tangu nitoke Uvira sijakula hii. Kata, kata! Bon, ngoja kwanza, niite bengine."

Akawaita. Wakaja wa saluni, wa viatu, wa kuuza chaja, hata yule mwanamke wa Bukavu aliyesema mkono wangu ni mzito. Kichwa kiliisha kwa nusu saa. MaNgcobo aliporudi akasimuliwa yote na watu saba, kila mmoja kwa namna yake. Akanitazama muda mrefu. "Umewalisha watu wako," akasema, "na umefukuza wa kwangu. Kesho utawafuata mmoja mmoja kwenye teksi zao na kuwaomba radhi." Nikawafuata. Nilijifunza Kizulu zaidi siku ile kuliko mwaka mzima uliotangulia, hasa neno la kusamehe. Papa Dédé hakuondoka tena. Alizoea kichwa cha kuchunwa, akapata upande wake kwenye ubao, akawa anabishana mpira na Sipho, dereva mkongwe wa teksi za Umlazi ambaye alikula kwa MaNgcobo tangu alipokuwa kondakta.

Miaka ikapita hivyo, na kwa kweli ilikuwa miaka mizuri. Nilisogea kutoka kwenye beseni hadi kwenye mkate, kutoka kwenye mkate hadi kwenye kisu. Sifa akamaliza shule kwa vichwa vya ng'ombe. Nikaacha kuota Uvira kila usiku, nikaanza kuota foleni.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga dunia nzima, na soko likafungwa. Tuliporudi, moto wa MaNgcobo uliwaka siku ya kwanza kabisa. Aliugua nyumbani kwake, akapona, amepungua mwili kidogo tu, na sauti ileile. Nikafurahi mpaka nikamkumbatia, jambo ambalo hakulipenda. Asubuhi ile alionja mchuzi, akatia chumvi. Akaonja, akatia. Akaonja tena, akasimama na kijiko mkononi, uso hauna kitu.

"Sifa," akaniambia. Siku zote aliniita kwa jina la binti yangu. "Onja hii."

Nilionja. Ilikuwa kali mpaka ikauma fizi.

Tulimwaga nusu, tukaongeza maji, tukaokoa. Mchana, wateja walipopungua, alichukua ubao wa kuni, akauweka puani, akavuta pumzi. Akauweka chini. Akachukua mwingine. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba hasikii harufu ya kitu, wala ladha ya kitu, tangu augue; kwamba uji na sabuni kwake ni mamoja. Daktari alimwambia asubiri. "Watu wakijua," akasema, "watakuja siku mbili kunionea huruma, siku ya tatu watakwenda kwa jirani. Na hawatakuwa wamekosea. Mimi mwenyewe nisingekula kwa mpishi wa namna hiyo."

Mtasema, si mngepima kwa kikombe? Tulijaribu. Wiki nzima kikombe kilituaibisha, siku moja chumvi haipo, siku nyingine imezidi. Nimeshawaambia kuhusu fahali na ndama. Mtasema, si ungepika wewe mwenyewe? Nilimwambia hivyo siku moja. Alinijibu kwamba akikaa nyumbani bila sufuria atakufa kabla ya Krismasi, na mazishi nitalipia mimi.

Basi tukatengeneza mpango. Yeye anasimama mbele ya sufuria kama kawaida, na kijiko chake, anaonja kwa kuonekana, anakunja uso, anatikisa kichwa. Nyuma yake mimi naonja kweli, nikijifanya natoa povu. Nikigonga mwiko ukingoni mara moja, maana yake ongeza. Mara mbili, acha. Kuni nilinusa mimi, gizagiza la alfajiri, kabla majirani hawajafika. Mkate tuliupima kwa macho. Tulikuwa hodari. Wiki mbili za kwanza nilikuwa natetemeka, baadaye nikaanza hata kuona raha, maana mchuzi wote wa siku ulipita kinywani mwangu, na MaNgcobo aliigiza vizuri mno. Kuna siku alionja, akatazama juu, akasema "Mmh, bado kidogo," mbele ya wateja sita, kabla mimi sijafikisha kijiko mdomoni. Nikaonja. Ilikuwa bado kidogo kweli. Aliringa wiki nzima.

Ladha haikurudi. Ulipita mwaka, ukapita wa pili. Kila asubuhi alinusa ubao mmoja kwanza, kisha akanipa mimi.

Sasa siku yenyewe. Makaratasi yangu ya ukimbizi yalikuwa yanakwisha, na mnajua foleni ya ofisi ya kuyaongezea muda: ukifika jua limechomoza, rudi nyumbani. Nilikwenda sokoni kwanza, kabla ya teksi za kwanza, nikawasha moto, nikatia chumvi zote tatu mimi mwenyewe kwa pamoja, kwa makadirio, hata ile ya mwisho. Nikamwambia, "Ma, chumvi iko tayari yote. Usiguse. Onjaonja tu kwa kuonekana." Akanijibu kwamba yeye si mtoto.

Nilisimama kwenye foleni ile nikiwa sina raha hata kidogo. Saa sita na nusu nikapata muhuri, nikashuka mbio. Kutoka mbali nikaona jambo la ajabu: kwa MaKhumalo kuna foleni. MaKhumalo hajawahi kuwa na foleni maishani mwake. Madereva, wasukuma mikokoteni, vijana wa chaja, kila mtu ana chupa ya maji mkononi, wengine mbili. MaKhumalo akaniona, akanipungia mkono kwa furaha ya mtu aliyepata riziki ya ghafla. "Maji yamekwisha!" akapiga kelele. "Na maziwa! Nimemtuma mtu akalete mengine!"

Nikajua MaNgcobo ametia chumvi tena.

Papa Dédé alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kofia usoni, chupa kifuani. Nikamshika bega.

"Papa Dédé, ni nini ilipita?"

Akaondoa kofia. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Eish, Mama Sifa. Usiniulize. Chumvi ya leo, hata bahari haiko nayo. Nimekunywa maji litre mbili, na bado nasikia ulimi iko kama carton."

"Na watu wamerudisha nyama?"

"Kurudisha? Nani? Tulikula. Tulimaliza. Sipho alinunua mara mbili."

"Mara mbili!"

"Ule mama alikuwa anatuangalia. Alisimama na kisu, anaangalia kila mutu kwa mdomo. Nani ataacha nyama pale? Weye ungeacha?" Akanywa tena. "Mama Sifa, tulikuwa tunajua tangu zamani. Tangu winter ya kwanza. Unagonga ile sufuria kila siku kama fundi wa mabati, kó, unafikiri watu hawana masikio? Moja, anatia. Mbili, anaacha. Hata bakondakta banajua."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuna aliyewahi kusema.

"Mi niliuliza Sipho vilevile. Akaniambia, kwetu mama mkubwa haambiwi kama chungu chake imeharibika. Ni respect. Unakula, unashukuru, unaenda. Voilà. Mi nikasema, hata kwetu njo hivyo. Tukanyamaza sisi bote."

Nikaenda jikoni. Sufuria tupu, ubao mtupu na umeshafutwa. MaNgcobo amekaa juu ya kreti, aproni ameifunika usoni, mabega yanatikisika. Nikapiga magoti nikamshika mikono, nikaanza kusema pole, kosa ni langu, nisingekwenda. Akashusha aproni. Alikuwa anacheka. Machozi yalikuwepo pia, lakini alikuwa anacheka mpaka hawezi kupumua.

"Mkono ulikwenda wenyewe," akasema alipoweza. "Taya likaachia, mkono ukaingia kwenye chumvi. Miaka arobaini unakwenda, nani ataukataza? Nilijua tu Sipho alipoweka kipande cha kwanza mdomoni. Alifumba macho kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nikasema moyoni, leo ndiyo mwisho wangu. Nikasubiri aondoke. Akameza. Akachukua kingine! Akamwangalia yule fundi simu wako, na fundi akachukua. Wakala wote, Sifa. Nikawakatia, wakala. Mmoja alinisifu, mshenzi yule, huku jicho linamtoka." Akajipangusa. "Nikakumbuka kwamba miezi mingi sasa hakuna mtu aliyenilalamikia chochote. Mimi nilidhani tunapika vizuri."

"Tulikuwa tunapika vizuri, Ma," nikasema, maana na mimi nina jina langu la mpishi la kulinda.

Akaniambia kesho nije na kibakuli.

Kesho yake tulipika na chumvi kidogo. Saa nne, ubao umejaa watu, MaNgcobo akagonga sufuria kwa mgongo wa kisu. Stendi nzima ilikuwa inapiga honi, lakini pale kwetu kukawa kimya. Akasema hivi, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Wanangu, ulimi wangu na pua yangu vilikufa kwenye ule ugonjwa. Huyu mama wa Kongo ndiye alikuwa anaonja. Nilidhani nawaficha, kumbe mnanificha. Chumvi hii hapa. Mwenye ulimi aongeze mwenyewe." Akaweka kibakuli katikati ya ubao.

Watu walitazama viatu vyao. Sipho akavua kofia, akaanza kusema, "Ma, sisi hatu..."

"Nyamaza. Mlinipa heshima miaka miwili. Nawashukuru, imetosha. Mpishi asiyelalamikiwa ni maiti, na mimi bado niko hai. Semeni mliyoyameza. Wewe Sipho, anza."

Sipho akakohoa. Akamwangalia Papa Dédé. "Basi, Ma... mkate. Mkate umekuwa mdogo."

"Mdogo! Tumbo lako ndilo limekuwa kubwa! Mwingine!"

Mwingine akasema mashavu wanapewa wa teksi za Umlazi tu na wa Chatsworth wanapewa mifupa. Mwingine akasema pilipili ya siku hizi ni maji. Wa tatu akasema kuna Alhamisi moja miezi minane iliyopita alipewa sikio lenye nywele, na amelibeba moyoni tangu siku ile. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, wanapiga ubao, wanaonyesheana vidole, wanakula na kulalamika kwa mdomo uleule, na MaNgcobo amesimama katikati na kile kisu chake chembamba anamjibu kila mtu tusi lake kwa jina lake na la baba yake. MaKhumalo alisogea kusikiliza akasahau wateja. Sijawahi kuona watu wenye furaha vile kwa sababu ya malalamiko. Hakuna aliyehama siku ile wala baadaye, na MaNgcobo alipika miaka miwili mingine hadi magoti yalipomrudisha kwao kwenye kuku wake.

Lakini siku ileile, katikati ya kelele zile, akanigeukia mimi. "Na wewe? Miaka yote hii, huna lako?"

Ningeweza kusema sina. Nilikuwa nimezoea kusema sina. Lakini watu wote walikuwa wameshasema, na mimi pia nilikuwa nimemeza, tena kuliko wao.

"Ninalo, Ma," nikasema. "Tangu siku ya 'bamba' mpaka leo hujawahi kuniambia asante."

Kelele zikakatika. Hata Sipho aliacha kutafuna. MaNgcobo akanitazama, uso wake umekuwa kama ule wa siku ya kijiko, nikajuta. Kisha akageuka upande wa Papa Dédé, akamwuliza kwa Kizulu, bila kuona aibu, "Inasemwaje tena ile?"

Papa Dédé akamnong'oneza sikioni. Akamnong'oneza mara ya pili, polepole.

MaNgcobo akaweka kisu chini, akafuta mikono yote miwili kwenye aproni. "Asante sana, Mama Sifa," akasema kwa Kiswahili, kila neno limesimama peke yake. "Asante, mwanangu."

"Tangu mwaka jana ananiuliza," Papa Dédé akawaambia watu, kwa Kizulu na kwa Kiswahili ili asikose mtu. "Kila siku nafundisha, kila siku anasahau. Alikataa kusema kama bado haijatoka vizuri."

Nina lugha tano. Nilizitafuta zote, nikakuta hakuna hata moja iliyokuwa tayari, nikamshika mkono tu, na yeye akaniacha niushike mpaka foleni ikaanza kupiga kelele.